Tianjin Tunaijua, Pumwani Je?

Mwenzangu mmoja niliyesoma naye Kiswahili hapa Nairobi alipata ufadhili wa kwenda kujifunza Kichina katika jiji la Tianjin. Si jambo la ajabu. Taasisi ya Confucius iliyofunguliwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 2005 ina ushirika na Chuo Kikuu cha Ualimu cha Tianjin, na wanafunzi kadha wa kadha wamepita njia hiyo. Aliporudi likizoni tulimzunguka nje ya maktaba, naye akatueleza habari za jiji hilo kana kwamba anasoma kitabuni. Liko pwani ya Bahari ya Bohai, mto Hai unalipitia katikati kabla ya kuingia baharini, na bandari yake ndiyo lango la Beijing. Ni mojawapo ya majiji manne yanayosimamiwa moja kwa moja na serikali kuu, pamoja na Beijing yenyewe, Shanghai na Chongqing. Baada ya mwaka 1860 mataifa ya kigeni yalijigawia humo mitaa yao, Waingereza hapa, Wafaransa pale, Wajapani kule, na majengo yao yamesimama hadi leo. Katika mji wa Yangliuqing uliomo jijini humo huchapwa picha za mwaka mpya kwa vibao vya mbao. Tena kuna sanaa iitwayo xiangsheng, ambapo watu wawili husimama jukwaani wakitupiana maneno mpaka hadhira ivunjike mbavu.

Jambo lililomshangaza zaidi, alisema, ni lahaja. Kutoka Tianjin hadi Beijing ni kilomita zipatazo 120 tu, lakini watu wa Tianjin wana matamshi yao wenyewe, na wala hawayaonei haya. Huyatumia jukwaani, huyatumia sokoni, na mgeni akiyaiga hufurahi. Yote haya mwenzangu alifundishwa katika majuma ya mwanzo, kutoka katika kitabu chembamba cha wanafunzi wageni: jiografia, uchumi, utamaduni.

Mmoja wetu akamwuliza, "Na wao hawakukuuliza kuhusu kwenu?"

Walimwuliza. Kijana huyu kwao ni Shauri Moyo, nyumba ya tatu kutoka barabarani. Alisimama mbele ya darasa na kuwaeleza habari za simba wa Mbuga ya Wanyama ya Nairobi, mbuga ambayo yeye mwenyewe hajapata kuitia mguu.

Tulicheka sana. Lakini usiku ule kicheko chenyewe kilinigeukia, kwa kuwa nilijiuliza ningalisema nini mimi niliyelelewa Bahati, katika chumba kimoja, na sikupata aya mbili za Kiswahili sanifu zilizokaa sawa. Katika shule ya upili nilikariri ulinganisho wa Nairobi na New York, na wa Mombasa na Rotterdam, kwa kuwa silabasi ya jiografia ilituamuru. Nikaijua Rotterdam. Kisha nikaja chuoni nikafundishwa Kiamu, Kimvita, Kiunguja, Kimtang'ata, nikajua ni wapi wanasema "nchi" na wapi "nti". Nayo mitaa ya Mashariki ya Nairobi, niliyopanda matatu kutoka humo kila asubuhi kuja kufundishwa hayo, ilitajwa mara moja tu, katika mhadhara juu ya Sheng, chini ya kichwa cha "matatizo ya Kiswahili nchini Kenya".

Hoja yangu katika makala haya ni nyepesi kuitamka, ingawa najua si wote watakaoiridhia. Nadai kwamba Eastlands ni nchi ya Kiswahili kwa haki yake yenyewe, si kwa hisani ya pwani wala kwa kosa la vijana. Nadai pia kwamba sisi wa idara za Kiswahili tumechelewa kuiandika, na kwamba muda uliosalia si mrefu.

Tuanze na ardhi. Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899, wakubwa wa wakati huo walijitwalia upande wa magharibi ambako ardhi hupanda kupita mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, udongo ni mwekundu na hewa ni baridi. Upande wa mashariki ardhi hulala na kushuka polepole kuelekea mita 1,600, na udongo wake ni ule mweusi unaonata mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka. Hapo ndipo Waafrika walipowekwa, kando ya reli na karibu na viwanda. Anayetaka kujua kwa nini mafuriko ya mwaka 2024 yaliwazoa watu wa Mathare na si wa Muthaiga, ingawa mitaa hiyo miwili inapakana, asianze na hali ya hewa. Aanze na ramani hiyo. Mto Nairobi nao hutoka magharibi, ukapita Gikomba, ukapita kando ya jaa la taka la Dandora, ukaungana na Athi. Athi huitwa Galana mbele ya safari, kisha Sabaki, na huingia baharini kaskazini mwa Malindi. Kwa hiyo maji yanayopita nyuma ya vibanda vya Gikomba huishia katika pwani ileile ambako alitoka yule twiga aliyefikishwa kwa mfalme wa China mwaka 1415. Wanaosema Eastlands na Uswahili havina uhusiano wangefaa wafuate huo mto japo kwa kidole juu ya ramani.

Watu wa pwani walipanda reli mapema. Kabla ya Pumwani kuwapo, Nairobi ilikuwa na vijiji vya Waafrika vilivyoitwa Mombasa, Pangani, Maskini na Kaburini. Tazama majina hayo! Hakuna hata moja linalohitaji mkalimani. Wakazi wake walikuwa wapagazi wa zamani, askari, wafanyabiashara, mafundi, wanawake waliojenga nyumba zao wenyewe, wengi wao Waislamu, na lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili. Pumwani ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 ili kuwakusanya mahali pamoja. Humo ndimo ilimo Majengo, jina ambalo msomaji atalikuta Mombasa na katika miji mingi ya Kenya na Tanzania. Humo pia umo msikiti wa Riyadha, wenye jina moja na ule wa Lamu. Kijiji cha Pangani kilipobomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, wenye nyumba waliambiwa wahamie nyumba mpya za kupanga zilizojengwa mashariki. Wazee huelezea jina la mtaa huo kwa maneno machache: kuhama au kutohama lilikuwa shauri la moyo wa mtu. Ndipo pakawa Shauri Moyo, kwao yule mwenzangu wa Tianjin. Jina la mtaa wake ni sentensi nzima ya watu waliopokonywa nyumba, naye akawasimulia Wachina habari za simba.

Majina haya ni kamusi ambayo hakuna aliyeichapa. Kariokor ni Carrier Corps ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kama ilivyo Kariakoo ya Dar es Salaam; wapagazi walewale wa Mwingereza, tahajia mbili. Soko la Burma linakumbuka askari waliopigana Asia katika vita vya pili. Landimawe ni landi za mawe, yaani nyumba za wafanyakazi wa reli, na neno landi lenyewe lilikuja na reli. Eastleigh imegeuzwa Isilii, na mwanafunzi wa fonolojia akitaka mfano wa mkopo unaofinyangwa ufuate muundo wa silabi ya Kiswahili hana haja ya kwenda mbali: konsonanti ya mwisho wa silabi imedondoka, irabu imepachikwa, mambo yamekwisha. Kamukunji, uwanja wa mikutano ya hadhara ambao serikali ilijaribu kuufunga kwa watu tarehe 7 Julai 1990, siku ya Saba Saba, umekuwa nomino ya kawaida. Hata wabunge wetu wakitaka kuteta nje ya kikao husema wana kamukunji.

Ofafa na Mbotela zinahitaji kusimama kidogo. Mitaa hii miwili ilipewa majina ya Ambrose Ofafa na Tom Mbotela, viongozi Waafrika waliouawa Nairobi mwanzoni mwa vita vya Mau Mau, Mbotela mwaka 1952 na Ofafa mwaka 1953. Serikali ya kikoloni iliwaenzi kwa sababu zake, na wapiganaji waliwaona kwa jicho jingine. Hilo ni la wanahistoria. La kwetu ni kwamba ukoo wa Mbotela ni wa Freretown, uzao wa watumwa waliokombolewa, na ndio uliomtoa James Mbotela aliyeandika Uhuru wa Watumwa, kitabu cha mwaka 1934 ambacho kila mwanafunzi wa historia ya nathari ya Kiswahili hukitaja katika mtihani. Ni ukoo huohuo uliomtoa Leonard Mambo Mbotela, aliyetuuliza redioni kwa miongo mingi, tangu 1966, kama huu ni ungwana, hadi alipofariki mwaka 2025. Nimewahi kuketi katika matatu ya kwenda Mbotela pamoja na wanafunzi watatu wa fasihi ya Kiswahili. Hakuna aliyekuwa ameliunganisha jina lililobandikwa kiooni na jina lililo katika daftari lake. Nami nilikuwa mmoja wa hao watatu.

Nigeukie uchumi, ambako wachumi wametutangulia na kutuibia neno. Mwaka 1972 ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani ulitoa ripoti juu ya ajira nchini Kenya, na ripoti hiyo ndiyo iliyoieneza duniani dhana ya sekta isiyo rasmi. Waliokuwa wakitazamwa walikuwa watu kama mafundi wa Kamukunji na Shauri Moyo, ambao wenyewe walikwisha kujiita kwa jina lililo wazi zaidi: watu wa jua kali. Rais Moi aliwatembelea mwaka 1985 na kuahidi kuwawekea mabanda. Tangu hapo jua kali limeingia katika sera, katika vitabu vya Kiingereza, katika tasnifu za Ulaya. Nimelisoma kwa Kijerumani. Ni neno la Kiswahili, limetoka Eastlands, halikuundwa na jopo lolote la istilahi, na limefanikiwa kuliko istilahi nyingi tulizokaa hotelini kuzibuni. Nasema haya kwa heshima kwa walimu wangu waliokuwa katika majopo hayo.

Mafundi hao si watu wa kuiga tu. Katika miaka ya 1980 jiko la Kithai la kuchomea makaa lilifanyiwa marekebisho hapa, likapewa kiuno chembamba na kigae cha udongo ndani ya bati, likawa jiko ambalo sasa liko katika nyumba za Afrika Mashariki yote. Magamba yake ya bati yalifuliwa, na bado hufuliwa, Shauri Moyo. Yaani Asia ilitupa wazo, Eastlands ikalipa umbo. Siku hizi biashara na Asia imechukua sura nyingine. Sufuria na karai za kutoka China hushindana na za Kamukunji kwa bei, na fundi aliyelipia mabati yake kwa fedha taslimu hawezi kuzishinda. Mnamo Februari 2023 wafanyabiashara waliandamana katikati ya jiji dhidi ya wenye maduka Wachina. Gikomba kwenyewe, mitumba iliyokuwa ikitoka Ulaya na Amerika sasa hutoka China pia, ndani ya mabeli yaleyale. Na lugha imeyapokea yote. Nguo bora ya kwanza kuchaguliwa huitwa kamera, masalio ya mwisho ni fagia, na kitu chochote kisichodumu ni cha kichina, hata kama kimetengenezwa hapa Viwandani. Mwenzangu wa Tianjin hulichukia neno hilo la mwisho, na nadhani ana haki. Lakini kulichukia neno hakumzuii mwanaisimu kuliandika.

Kuhusu utamaduni sitasema mengi, kwa kuwa ndio upande pekee ambao watu wameuona. Ukumbi wa Kaloleni, mtaa uliojengwa miaka ya 1940, umeandikwa na wanahistoria kwa sababu ya siasa zilizochemka humo kabla ya uhuru. Kalamashaka wa Dandora wamesifiwa ipasavyo kwa kuufanya muziki wa kufoka useme kwa lugha ya mtaa. Sheng imepata wataalamu wake, na kitabu cha Chege Githiora cha mwaka 2018 ni ushahidi kwamba inaweza kujadiliwa kwa utulivu. Hapa ndipo ninapotofautiana na pande zote mbili za mjadala huo uliotuchosha. Anayeilaani Sheng na anayeiabudu wana kosa moja: wote wawili husikiliza vijana tu. Hakuna anayemsikiliza bibi wa Majengo aliyezaliwa humo, ambaye mama yake alizaliwa humo, na ambaye Kiswahili chake si cha Lamu wala si Sheng. Je, hicho tukiite nini? Hatuna hata jina lake, na bila jina hakiwezi kuingia katika orodha ya lahaja.

Aliyemsikiliza bibi huyo, au wenzake, alikuwa Mmarekani. Mwanahistoria Luise White alikaa Pumwani katika miaka ya 1970 akiwahoji wazee wa kike kwa wa kiume, na kitabu chake kilichotoka mwaka 1990 kinaeleza jinsi wanawake wa Nairobi ya kikoloni walivyotofautisha biashara ya malaya, ya watembezi na ya wazi-wazi, kila neno na mipaka yake, kila neno na uchumi wake. Mada yenyewe haitamkiki mbele ya wazazi, nakiri. Hata hivyo hiyo ni semantiki ya hali ya juu, imekusanywa katika Kiswahili, imeandikwa katika Kiingereza, nasi hatujairudisha nyumbani. Vivyo hivyo katika bunilizi: mwanamke anayefika Nairobi mwaka 1956 na kujifunza mji huu tunamkuta katika Coming to Birth ya Marjorie Oludhe Macgoye, riwaya ya 1986. Tunamkuta kwa Kiingereza.

Nilipopeleka pendekezo langu la tasnifu juu ya Kiswahili cha Pumwani, mhadhiri mmoja, ambaye nitamheshimu daima na sitamtaja, alinirudishia karatasi akaniambia, "Kijana, ukitaka Kiswahili nenda Lamu." Nilikwenda. Sijuti, maana nilijifunza mengi. Siku ya nne mzee mmoja wa Mkomani aliyekuwa akinisaidia aliniuliza kwetu ni wapi. Nikamjibu, Nairobi, karibu na Pumwani. Akanitazama kwa muda. "Mwanangu," akasema, "na Pumwani wazee wamekwisha? Ndugu yake mama yangu alihamia huko na mumewe kabla ya vita, wakazaa huko. Kaburi lake liko Kariokor. Ungaliuliza hapo ungalipata maneno ambayo sisi tushayasahau." Nikamshukuru, nikashika kalamu, na sikuwa na la kuandika.

Najua pingamizi litakaloletwa. Litasemwa kwamba lugha ya mitaa hii ni mchanganyiko, kwamba haina mfumo, kwamba haina fasihi andishi ya kale. Kiswahili kipi si mchanganyiko? Na mfumo huonekana kwa anayechunguza. Hauonekani kwa anayepita na matatu. Kuhusu ukale, Pumwani imetimiza miaka mia moja. Katika lugha hiyo ni vizazi vinne. Tianjin yenyewe, kama alivyotueleza mwenzetu, imejengeka juu ya wahamiaji, bandari na mitaa iliyogawanywa na wageni, na hakuna aliyeiambia kwamba kwa sababu hiyo matamshi yake hayafai kufundishwa.

Pingamizi jingine lina uzito zaidi, nalo linatoka mitaani wenyewe. Ndugu yangu mdogo aliniambia kwamba ninataka kuzihifadhi nyumba ambazo yeye anataka kuzikimbia. Ni kweli kwamba choo cha pamoja hakina mahaba. Mtaa wa zamani wa Pangani ulivunjwa ili kupisha maghorofa, na mwaka 2025 wakazi wa Makongeni, katika nyumba zilizojengwa kwa ajili ya watumishi wa reli, walianza kuhamishwa kupisha mradi wa nyumba za bei nafuu. Mitaa mingine ya enzi ya Baraza la Jiji iko katika mipango hiyohiyo. Sitaki kumzuia mtu kupata bomba la maji ndani ya nyumba yake. Lakini nyumba zikivunjwa majirani hutawanyika, mmoja Kayole, mwingine Kitengela, mwingine kijijini, na msamiati uliokuwa ukiishi kati ya milango yao hauna mahali pa kukaa. Kilichotokea Pangani ya kwanza katika miaka ya 1930 kilituachia jina moja tu la mtaa. Safari hii tuna idara za Kiswahili katika vyuo vikuu vyetu, tuna vinasa sauti mifukoni, na tuna mamia ya wanafunzi wanaolala mitaa hiyohiyo.

Wahadhiri wetu watukubalie basi kwamba tasnifu ya shahada ya kwanza inaweza kufanywa Majengo, Kamukunji au Mbotela, na isihesabiwe kuwa ya uvivu kwa sababu nauli yake ni shilingi hamsini. Jarida hili litenge kurasa chache katika kila toleo kwa maneno yaliyokusanywa, hata yakiwa ishirini tu, pamoja na mtaa na kazi ya aliyeyatoa.

Mimi nimekwisha kuanza, kwa fundi wa masanduku ya bati ya wanafunzi wa bweni, Kamukunji. Nilimpelekea neno "fuawe" kutoka kamusini, nikidhani nitamfundisha. Akacheka, akanionyesha kipande cha chuma cha njia ya treni alichokiegemeza mapajani: yeye huita reli, basi. Bawaba kwake ni henji. Nikaanza kukata tamaa. Kisha akamwagiza mwanafunzi wake amletee tindo, neno ambalo nilikuwa nimelikuta katika kamusi tu na sikuwa nimepata kulisikia likitamkwa na mtu mwenye haja nalo. Tulifika maneno kumi na manne siku hiyo. Amenitaka nirudi Jumamosi, nije kabla ya saa tatu, kwa kuwa baada ya hapo nyundo zote huwa zimeanza na hakuna anayesikia neno la mwenzake.